Ihithe, Kijiji cha Mama Aliyeitetea Bustani

Msafiri wa Pwani aendaye Nyeri huuhisi Mlima Kenya kabla hajauona. Gari likiisha kuipita Sagana abiria hufunga madirisha, leso iliyokuwa pambo begani huwa nguo ya haja, na watoto waliolalamikia joto tangu Thika huanza kuulizia sweta. Mlima wenyewe, wenye kimo cha mita 5,199, hujionyesha asubuhi kwa kitambo kidogo, kisha hujisitiri mawinguni mchana kutwa. Karatina tulishuka kunyosha miguu, tukazunguka sokoni baina ya marundo ya viazi, karoti na kabichi. Bei tulizotajiwa zilitufanya tuwaonee huruma akina mama wa Kongowea, ambao bidhaa hizo huwafikia zikiwa zimekwisha kupita mikono mingi.

Nyeri ni mji wa vilima, na waongozaji wageni wamezoea kuueleza kwa majina ya Waingereza. Watakuonyesha njia ya kwenda Treetops, ile hoteli ya mtini iliyojengwa mwaka 1932 katika msitu wa Aberdare, ambako binti mfalme Elizabeth alilala usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, na kabla ya kuondoka kwao baba yake akafariki, naye akawa malkia bila mwenyewe kujua. Watakuonyesha pia kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Hatusemi kwamba mambo hayo hayana maana. Lakini ni ajabu kwamba kijiji cha Ihithe, kilicho upande huohuo wa Aberdare, hakikutajwa na yeyote kati ya waliotuuzia safari.

Sababu ya kwenda Ihithe tulikuwa tumeipata Nairobi siku moja kabla, tuliposimama kandokando ya Bustani ya Uhuru, ambayo kila mtu huiita Uhuru Park. Bustani hiyo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mabinti tuliofuatana nao waliona nyasi, miti na bwawa, wakauliza tumesimama kwa nini. Ikabidi tuwaeleze kwamba hapo palikusudiwa kujengwa mnara wa ghorofa 60, na kwamba aliyeuzuia alikuwa mwanamke mmoja aliyekuwa na taipureta.

Mwanamke huyo ni Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, aliyezaliwa tarehe 1 Aprili 1940. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya Green Belt, iliyowafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche na kuipanda. Katika vuli ya mwaka 1989 alipata habari kwamba shirika la gazeti la chama tawala, KANU, kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, lilitaka kujenga katika Bustani ya Uhuru jengo refu kuliko yote Afrika, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo kutoka nje, ambao wananchi ndio wangeulipa.

Hakuitisha maandamano. Aliandika barua. Aliliandikia shirika la gazeti lenyewe, kisha ofisi ya Rais, kisha wasimamizi wa jiji, kisha UNESCO na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Alimwandikia hata balozi wa Uingereza, akimuuliza kama wananchi wa London wangekubali jengo kama hilo ndani ya Hyde Park. Nakala alizipeleka magazetini, na wananchi waliokuwa wakiogopa kusema wakaanza nao kuandika kwa wahariri.

Majibu aliyopata yanawahusu hasa wasomaji wetu wa kike. Mwezi wa Novemba Bunge lilitenga muda wa kumkejeli. Waheshimiwa hawakuulizana juu ya mkopo wala juu ya ardhi. Walizungumzia talaka yake, na wanawake waliomuunga mkono wakaitwa kundi la walioachika. Rais naye alisema kwamba mwanamke mwenye kufuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Jibu lake lilikuwa kwamba jambo lililo mbele yao lahitaji kile kilicho juu ya shingo, si jinsia ya msemaji. Baadaye harakati yake ilipewa saa 24 kuhama ofisi iliyokuwa katika jengo la serikali, na kazi yote ikahamia nyumbani kwake, South C.

Alikwenda pia Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Mwezi wa Desemba 1989 kesi ilitupwa. Jaji hakusema kwamba bustani haina thamani. Alisema kwamba mlalamikaji hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye mwenyewe, na anayeweza kusema kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali peke yake. Yaani mwizi akivunja mlango wa nyumba yako waweza kulia, lakini akivunja mlango wa nyumba ya wote, hakuna mwenye ruhusa ya kupiga ukelele.

Hata hivyo barua zilikuwa zimefanya kazi yake. Wakopeshaji wa nje walianza kusitasita, mradi ukapunguzwa, kisha ukaachwa, na uzio uliokuwa umezungushwa bustanini ukaondolewa kimyakimya. Mwezi wa Februari 1992 akina mama wazee, ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa, walikwenda kukaa katika pembe ya bustani hiyohiyo na kufunga kula hadi watoto wao waachiliwe. Askari waliwapiga na kuwatawanya, wakahamia kanisa lililo jirani, wakaendelea mwaka mzima, na wafungwa wengi wakatoka. Pembe hiyo leo yaitwa Freedom Corner. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi katika bustani hiyo, na kifungu chake cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Sheria iliyomfungia mlango mwaka 1989 ilizikwa mahali palepale alipopagombania. Mabinti zetu waliliona hilo haraka kuliko sisi.

Basi tukapanda kwenda Ihithe. Barabara hupita baina ya mashamba madogo, ng'ombe wa maziwa wamefungwa nyuma ya nyumba, na chai imefunika miteremko kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Ni pazuri mno, na ndiyo maana inahitaji mtu aelezwe kwamba uzuri huo una pengo. Katika kitabu chake cha maisha, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, Wangari anasimulia kwamba karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa, mti wa jamaa moja na mkuyu wetu. Mama yake alimkanya asiokote kuni chini yake, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Kando ya mti palitoka kijito, na yeye akiwa mtoto alicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga za kuvaa shingoni.

Aliporudi kutoka Marekani baada ya masomo, mti ulikuwa umekatwa. Aliyemilikishwa ardhi ile aliona unamchukulia nafasi ya kupanda chai. Kijito kilikauka. Masomo yake ya biolojia yalimsaidia kuelewa kile ambacho wazee walikihifadhi bila ya kukipa jina la kitaalamu: mizizi ya mugumo hupasua mwamba na kuyafuata maji ya chini, maji nayo hupanda kando ya mizizi, na udongo wa mteremko hushikwa usiporomoke. Mti huo haukuwa na wa kuutetea. Sisi tuliosimama pale katika manyunyu tuliona kwamba barua za mwaka 1989 zilianza kuandikwa hapo.

Kurudi mjini tulipitia Ruring'u, kwenye jengo la mahakama ya wenyeji la miaka ya 1920, ambalo leo ni makumbusho. Ni jengo dogo, la kawaida kabisa, na mtu mwenye haraka ya kujenga maduka angeweza kuliondoa asubuhi moja. Katikati ya mji umo pia mnara wa ukumbusho wa waliokufa wakipigania uhuru katika miaka ya 1950. Wauza magazeti na wasubiri magari huuegemea bila ya kuutazama. Tulisali adhuhuri mjini, tukanywa chai ya maziwa iliyotupasha moto hadi vidoleni.

Fikra ya Ihithe kwetu Pwani si ngeni. Tumelelewa tukijua kwamba mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Bustani ya mji, uwanja wa watoto kuchezea na njia ya kuteremkia baharini si wakfu kwa hati, lakini hali yake ni ileile: aliyekabidhiwa ni msimamizi tu. Na mlango uliofunguliwa umekwisha kutumiwa na watu wetu. Wenyeji wa Lamu, mji ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, walipinga kwa njia ya sheria mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira liliifuta leseni yake, kwa sababu mojawapo kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mabango ya kuomba maoni ya wananchi, yale yabandikwayo ukutani na kupitwa, yanafaa kusomwa na mama wa nyumba kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye ajuaye watoto wanacheza wapi.

Familia itakayopenda kuifuata njia hii itumie siku tatu: treni hadi Nairobi, nusu siku mjini, kisha matatu ya Nyeri. Ihithe hakuna hoteli wala mwongozaji, bali watu wakiulizwa kwa adabu huelekeza. Mwezi wa Julai baridi ni kali, na soksi za watoto zisisahauliwe. Anayetaka kuuona Mlima asirudi kulala baada ya sala ya alfajiri.