Siku Moja Katika Mji wa Kandy

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa K.A.R. katika Vita Kuu ya Pili, dereva wa lori. Alipotusimulia habari za vita hakuanza na Burma alikopigana, bali alianza na kisiwa cha Seiloni, ambako majeshi ya Afrika ya Mashariki yalifunzwa kabla ya kupelekwa Burma mwaka 1944. Alikuwa akisema, "Huko kuna mji uitwao Kandy, umezungukwa na vilima kama kwetu Meru, tena una ziwa katikati. Nilipita siku moja tu, wala sikuutazama nikashiba." Basi nilipostaafu ukarani, nao watoto wangu wakaniuliza nataka zawadi gani, niliwajibu kwamba nataka kuuona mji huo.

Tangu mwaka 1972 kisiwa hicho huitwa Sri Lanka. Kutoka Colombo, mji wa pwani, mpaka Kandy ni safari ya kilomita 115 hivi. Kwa kuwa nami nilikuwa na siku moja tu, nilimkodi kiongozi mwenye motokaa yake, anitembeze mimi peke yangu. Hapa nampa shauri msomaji anayetazamia kusafiri: patana na kiongozi bei, saa, na kila mahali mtakaposimama kabla hujaingia garini. Mimi nilipatana bei tu, na saa nzima ya asubuhi ikapotea katika duka la vito nisilolitaka. Nilitoka mikono mitupu, naye kiongozi akanuna. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni mkulima, nimekuja kwa ajili ya marehemu baba yangu. Tangu hapo alibadilika, akawa kama ndugu.

Tulianza kwa kulizunguka ziwa kwa miguu. Nilidhani ni ziwa la asili, kumbe lilichimbwa mwaka 1807 kwa amri ya Sri Vikrama Rajasinha, mfalme wa mwisho wa Kandy, mahali palipokuwa na mashamba ya mpunga. Hakulifaidi siku nyingi, kwani mwaka 1815 Waingereza waliutwaa ufalme wake, naye akapelekwa uhamishoni Bara Hindi, akafia huko. Kando ya ziwa liko hekalu ambamo Wabuddha huhifadhi jino ambalo wanaamini ni la Buddha mwenyewe. Tulivua viatu mlangoni, tukaingia kimya pamoja na watu waliovaa nguo nyeupe na kushika maua mikononi.

Kisha tukaenda Peradeniya, kwenye bustani kubwa ya miti ambayo mto Mahaweli huizunguka pande tatu. Ndipo Lord Mountbatten alipoweka makao yake makuu ya vita mwaka 1944. Nilisimama chini ya mti mmoja mkubwa nikatafakari kwamba huenda lori la baba lilipita karibu na hapo. Sikuona alama yoyote ya askari wetu, nikaondoka na huzuni kidogo.

Lakini jambo lililonigusa zaidi nililikuta alasiri, katika kiwanda cha zamani cha chai kilichojengwa mwaka 1925 kwenye vilima vya Hantana, ambacho sasa ni nyumba ya makumbusho. Kiongozi alinionyesha vilima vya kijani akaniuliza, "Unadhani zamani hapa palilimwa nini?" Nikajibu, "Chai." Akatikisa kichwa. "Kahawa, Bwana. Vilima vyote hivi vilikuwa kahawa."

Akanieleza kwamba mwaka 1869 ulionekana ugonjwa wa kutu katika majani ya mikahawa. Matajiri wa mashamba hawakuujali mwanzoni, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri, nao waliendelea kufyeka misitu na kupanda kahawa zaidi. Haikupita miaka thelathini, zao hilo likawa karibu limekwisha. Wengi walifilisika, na vibarua waliotoka Bara Hindi wakakosa kazi. Kilichookoa nchi ni chai. Na chai hiyo haikuletwa siku ya msiba: Mskoti mmoja, James Taylor, alikuwa amekwisha kuipanda katika ekari 19 tu huko Loolecondera mwaka 1867, miaka miwili kabla kutu haijaonekana.

Niliposikia hayo nilinyamaza. Nyumbani nilikuwa nimegombana na ndugu yangu mdogo. Mimi nilitaka kung'oa mikahawa yote ya baba, ile aliyoanza na miti mia moja baada ya vita, nipande miparachichi shamba zima kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri. Yeye alikataa mti wowote usiguswe. Niliposema tuweke yote mawili, alinijibu, "Mshika mbili moja humponyoka," nami kwa hasira nikarudia neno langu la kung'oa yote. Kumbe nilikuwa nataka kufanya lile lile lililowaangamiza matajiri wa Kandy, tofauti ni mti tu.

Niliporudi nilimwendea ndugu yangu kwanza, nikamwomba radhi. Tukakubaliana. Mashina ya baba tumeyaacha ardhini, tukayaunga vikonyo vya Batian, mbegu iliyotolewa mwaka 2010 ambayo hustahimili kutu na ugonjwa wa buni. Robo ya shamba tumepanda miparachichi, tuijaribu kabla ya kuitegemea.

Methali ya ndugu yangu ni ya kweli. Lakini mwenye kushika moja tu, ikimponyoka, hubaki na nini? Baba aliuona mji ule siku moja, nami siku moja. Yeye hakushiba kwa macho, na mimi pia sikushiba. Ila nilichokileta kutoka huko sasa kinachipuka juu ya mashina yake.