Mashine Iliyolemewa

Msomaji, iwapo umepata kutumia tarakilishi, bila shaka umekwisha kuiona ikipigwa na butwaa. Wabonyeza herufi, nayo haitokei. Wasukuma kipanya, na kile kishale chaenda kwa kusitasita kama mzee apandaye ngazi. Desturi ya watu wengi ni kuizima na kuiwasha tena, na mambo yakitengenea hawaulizi zaidi. Mimi nafundisha katika chuo cha ualimu, na miongoni mwa masomo yangu ni uandishi wa programu. Kwa hiyo mimi hasa nilipaswa kuuliza. Nitakueleza jinsi nilivyochelewa kuuliza, na ni nani aliyeumia kwa kuchelewa kwangu.

Chumba chetu kina tarakilishi moja kubwa yenye vichakataji vinne na kumbukumbu ya gigabaiti 8, nayo huendeshwa kwa mfumo wa Linux. Wanachuo huketi mbele ya mashine ndogo zilizochakaa, wakatuma kazi zao kwa hiyo moja. Ikilemewa hiyo, darasa zima hukunja mikono. Jumatatu moja, siku nne kabla ya mtihani wa vitendo, ililemewa. Nikaizima, nikaiwasha, ikaenda vizuri kwa muda wa nusu saa, kisha ikalala tena. Nikarudia, ikawa vivyo hivyo.

Jumamosi iliyotangulia nalikuwa nimempa ufunguo wa chumba binti mmoja aliyeachwa nyuma na wenzake, kwa kuwa kabla ya kuja chuoni hakuwa amepata kugusa tarakilishi. Siku ile ya Jumatatu nikaiona flashi ikining'inia shingoni mwake, na moyo wangu ukakata shauri papo hapo. Nikamwuliza mbele ya watu wote, "Umetia nini katika mashine hii?" Akasimama, akajibu, "Sikutia kitu, Mwalimu, ila zoezi langu." Nikamwambia kwamba zoezi haliwezi kuilaza mashine, nikamtaka ufunguo. Akauleta kwa mikono miwili, akarudi kuketi. Wenzake wakainamisha macho. Nami, naona haya kukuambia, saa ile nilijiona mwalimu hodari.

Jioni nikabaki peke yangu, nikaandika amri iitwayo top. Amri hii huonyesha kila mchakato, yaani kila programu inayotenda kazi, iwe mbele ya macho yako au nyuma ya pazia. Juu kabisa huandika hesabu tatu: wastani wa kazi zinazotendwa au kungojea kwa dakika 1, kwa dakika 5, na kwa dakika 15 zilizopita. Kwa mashine ya vichakataji vinne, hesabu ya 4 ni kazi ya kutosha. Yetu ilikuwa 37. Kumbukumbu nayo ilikuwa imejaa, na mashine ikawa inahamishia mambo yake kwenye diski, kisha kuyarudisha, kisha kuyahamisha tena. Mtaalamu Peter Denning aliieleza hali hii katika makala yake ya mwaka 1968: tarakilishi huweza kutumia nguvu zake katika kuhamisha mizigo, hata isibakiwe na nafasi ya kutenda kazi yenyewe. Nimepata kuwaona watu wa namna hiyo pia, lakini tusitoke njiani.

Yakupasa kujua kwamba kufanya kazi nyuma ya pazia si kosa. Mwaka 1963 huko Marekani, watu wa Mradi wa MAC katika chuo cha MIT walizipa programu za namna hii jina lenye maana ya pepo, wakilikopa kwa yule kiumbe wa kuwaziwa wa mwanafizikia Maxwell, ambaye kazi yake ni kupambanua chembe za hewa bila kuchoka. Pepo wa namna hii ndio watunzao saa ya mashine, wapokeao barua na kupanga foleni ya kuchapa. Bila wao usingefanya lolote. Shida huja mmoja wao apotewapo na kipimo.

Nikaona michakato arobaini na kitu, yote ya jina moja. Nikaiua mitano kwa amri ya kill. Kabla sijameza mate ikazaliwa mingine. Hapo nikakumbuka ninalowafundisha wengine: kila mchakato una namba yake, na una namba ya mzazi wake. Nikaomba orodha yenye nasaba. Mzazi alikuwa mmoja tu. Kando ya namba yake palikuwa na jina la mtu aliyemwanzisha, na jina lile, msomaji, lilikuwa langu.

Ilikuwa programu yangu ndogo. Niliiandika ili ichungulie folda ya kazi za wanachuo kila sekunde 10, na ikiona faili limebadilika, ianze kuzijaribu kazi zote na kuandika ripoti. Ijumaa, kwa kupenda unadhifu, nilikuwa nimeihamishia ripoti katika folda ile ile. Basi kila ripoti ilipoandikwa, folda ilibadilika. Na folda ilipobadilika, jaribio jipya lilianza, likaandika ripoti nyingine. Jaribio moja lilichukua nusu dakika, kwa hiyo la pili na la tatu yaliingia la kwanza lingali kazini. Na kadiri yalivyosongamana ndivyo kila moja lilivyozidi kukawia. Ndiyo sababu ya ile nusu saa ya nafuu. Zoezi la yule binti lilikuwa la mistari ishirini.

Nikamtumia mzazi ishara ya 15, ambayo humwomba mchakato afunge kazi kwa heshima. Ile ya 9 humkata pasipo kumsikiliza, na haikuhitajika. Wana wake wakawa yatima, wakachukuliwa na mchakato namba 1 kama ilivyo sheria ya mfumo huo, wakamaliza mmoja mmoja. Hesabu ikashuka: 30, 19, 8. Nikaitoa ripoti katika folda, nikaenda nyumbani, wala sikulala vyema.

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa lile lile nikasema kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nilimshutumu mwenzao bure. Nikamwomba radhi kwa jina lake. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu," basi.

Baada ya kipindi alikuja mezani akataka kuiona ile programu. Nikamwonyesha. Akaisoma kwa kidole, polepole, kisha akauliza, "Ripoti umeitoa, Mwalimu, lakini mbona bado haingojei jaribio la kwanza limalizike?" Nikatazama. Kweli, haikungojea. Wanachuo wote wakihifadhi kazi kwa pamoja siku ya mtihani, msongamano ungalirudi. Nikampisha kitini, naye akaandika mistari minne ya kuizuia programu isianze jaribio jipya lingine likiwa bado linaendelea.

Ijumaa mashine haikusita hata mara moja. Ufunguo wa Jumamosi nikauweka mezani pangu, nikamwambia kwamba ni wake. Majuma mawili yakapita ufunguo upo pale pale. Juma la tatu alikuja kuuchukua.