Maji, Mchanga na Majabali ya Mto Galana

Mto uingiao baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, huko juu katika mbuga ya Tsavo Mashariki huitwa Galana. Huko ndiko yaliko maporomoko yaitwayo kwa jina la Lugard, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1890. Tulifika wakati wa kiangazi, maji yakipita kwa kubanana katikati ya majabali.

Majabali hayo yametobolewa mashimo ya mviringo mfano wa vinu, na kingo zake zimelainika kama zilizopigwa msasa. Watu husema ni kazi ya maji. Lakini maji matupu hayana meno. Meno yake ni mchanga na kokoto. Kokoto ikinaswa mahali maji yazungukapo, husaga jabali miaka na miaka.

Penye mchanga tuliona jambo la pili. Kila jiwe kubwa lilikuwa na kishimo upande maji yatokako, na nyuma yake mkia wa mchanga. Sababu ni kuwa maji yakipiga jiwe, baadhi yake hushuka hadi chini, kisha huzunguka pande zote mbili mfano wa ukwato wa farasi, yakichimba. Nyuma ya jiwe maji hutulia, nayo hutua mzigo wake. Mchanga ukiisha kuhama, njia ya maji nayo hugeuka. Basi maji huhamisha mchanga, na mchanga huyaelekeza maji.

Siku za mafuriko, mto uwapo mwekundu kwa udongo wa Ukambani, shimo huchimbwa huku likijazwa mchanga mwingine utokao juu. Maji yakipungua, shimo hufukiwa. Atazamaye huona mchanga tambarare akadhani ni imara. Kumbe ni mchanga mlegevu, haujashikamana. Hivyo ndivyo nguzo za daraja nazo huchimbwa msingi, na apimaye baada ya mafuriko tu aweza kudanganyika.

Kwa hiyo, enyi vijana, mto uliofurika msiuvuke kwa miguu kabisa. Na hata ukipungua, msikanyage mchanga ulio kando ya jiwe au nguzo kabla ya kuupima kwa fimbo ndefu. Nanyi wazazi, waonyesheni watoto jambo hili mtoni kwenu, maana uso wa mchanga hausemi yaliyo chini yake.