Nyumba Ndogo Inayotazama Mlima Rungwe

Ukitoka Mbeya kwenda Kyela unapita kati ya migomba na mashamba ya chai. Baada ya kilomita zipatazo 70 unafika Tukuyu. Wakati wa Wajerumani mji huu uliitwa Neu Langenburg. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Mimi ni bwana shamba. Nilikwenda huko kuzungumza habari za migomba. Nilirudi na somo la nyumba.

Tukuyu ni mji wa mvua. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Ardhi ina rutuba, watu ni wengi, na viwanja vya mjini ni vidogo. Mahali pengine paa la huyu linamwaga maji kwenye ukuta wa yule.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja, fundi wa cherehani. Mumewe anauza ndizi. Kiwanja chao ni hatua 12 kwa hatua 16. Kulia kuna jirani, kushoto kuna jirani, nyuma kuna jirani. Nilidhani nitaingia gizani. Nilipoingia nilikuta mwanga mwingi. Mama alikuwa akishona bila taa. Lakini nilipokuwa njiani sikuweza kumwona.

Nilikumbuka nyumba yangu ya kwanza. Niliijenga ikajaza kiwanja chote. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, hatua moja tu. Mwanangu alisoma kwa koroboi mchana. Tukifungua dirisha, jirani alisikia maneno yetu yote. Kosa lilikuwa langu.

HESHIMA YA ZAMANI

Mama yule alinieleza kwa nini walijenga vile. Kwa mila ya zamani ya Wanyakyusa, mke hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake, wala kumtazama. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, mbali kidogo na wazazi. Ardhi ilikuwapo. Nafasi ililinda heshima.

"Sasa, Bwana Shamba, hapa mjini kijiji kingine tutakipata wapi?" aliniuliza. "Mzee alikuja kutibiwa. Tulikuwa tumepanga nyumba yenye mlango mmoja. Mimi nilijificha jikoni kwenye moshi mpaka atoke. Yeye naye aliona haya kutoka. Siku moja alifunga mzigo wake, akataka kurudi kijijini kabla hajapona."

Hapo mume na mke waliamua kujenga.

WALIVYOJENGA

Nyumba yao haikujaza kiwanja. Ukiitazama kutoka juu, ni kama herufi L. Katika pembe iliyobaki wameacha ua. Madirisha makubwa yanatazama uani, hayatazami kwa jirani. Ukuta wa ua unapita kimo cha mtu. Kwa hiyo madirisha huwa wazi mchana kutwa, na mpita njia haoni ndani.

Ua uko upande wa kaskazini. Nchi yetu iko kusini mwa ikweta. Kuanzia Mei hadi Agosti, wakati wa baridi, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Dirisha la upande huo hupata mwanga na joto. Ukisimama Tukuyu mjini ukatazama Mlima Rungwe, unatazama kaskazini. Basi mkazi wa mjini akumbuke hivi: dirisha kubwa litazame mlima. Lakini anayekaa ng'ambo ya mlima, kama Isongole, asifuate mlima. Afuate kaskazini.

Upande wa majirani kuna madirisha madogo, juu kuliko kichwa cha mtu. Mwanga huingia, macho hayaingii. Ukuta wa ua umepakwa chokaa nyeupe ili urudishe mwanga vyumbani. Juu ya ujia wa katikati kuna bati moja la plastiki linalopitisha mwanga.

Chumba cha mzee kina mlango wake na dirisha lake, upande wa baraza la mbele. Mlango wa jikoni unatoka uani. Milango hiyo miwili haitazamani.

Paa limetokeza nje ili mvua isipige kuta. Maji ya paa huingia katika gata, kisha katika tangi. Yanayozidi hupita mferejini mpaka mtaro wa barabara. Hayaendi kwa jirani.

Jiko liko katika banda uani. Jambo hili ni kubwa. Wakati wa baridi watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini. Usilale na jiko la mkaa chumbani hata siku moja.

CHAI YA MZEE

Siku ile nilimkuta mzee ameketi barazani. Mama alimimina chai, akampa mtoto ampelekee. Mzee akanywa. Kisha akasema kwa sauti ya kufika hadi uani, "Ndaga fijo!" Maana yake ni asante sana. Mama akatabasamu, akaendelea kushona. Hawakuonana, lakini waliishi pamoja kwa amani.

Ndugu msomaji, siku hizi hata vijijini viwanja vinapungua. Kabla ya kuchimba msingi, pima kiwanja chako kwa hatua. Chora nyumba yako chini kwa kijiti. Chagua kwanza mahali pa ua, kisha mahali pa vyumba. Kama uko mjini, pata kibali cha ujenzi cha halmashauri. Nafasi ikiwa ndogo, mpango mzuri huiongeza.