Bambo na Chumvi

Nilishika bambo kwa mara ya kwanza Novemba 1997, wakati mvua za El Nino zilipokataa kupisha mavuno. Mahindi yalifika Moi's Bridge yakiwa yameanza kuota ndani ya magunia. Mzee aliyenifundisha kazi alinionyesha jinsi ya kulichoma gunia ubavuni na kuacha punje ziteremke zenyewe hadi kiganjani. "Usimtazame mwenye gunia usoni," aliniambia. "Tazama punje."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka 21, kupima unyevu wa mahindi kwa mfanyabiashara wa nafaka. Mpaka wetu ulikuwa asilimia 13.5. Unyevu ukizidi hapo, gunia la kilo 90 linarudi kwenye trekta lililolileta, na mwenyewe anaanza kunisihi. Moi's Bridge ni mji wa nafaka. Wazee wanaukumbuka ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Reli ya kwenda Kitale ilipita hapo miaka ya 1920, na leo maghala ya Bodi ya Nafaka yanaonekana kabla hujafika mjini. Msimu ukiiva, watu hulala juu ya magunia yao wakingoja zamu.

Niliipenda kazi ile. Nalisema hili wazi kwa sababu nimesikia shuhuda nyingi kanisani za watu walioacha ajira, na karibu zote zinaifanya kazi kuwa Misri na nyumba kuwa Kanaani. Mimi sikutoka utumwani. Mwaka 2004, watu 125 walipokufa mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumu ya kuvu, nilielewa upya uzito wa bambo langu. Gunia bichi ninalolikubali leo kwa huruma, kesho ni ugali kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Kila asubuhi niliomba kabla lango halijafunguliwa, na naamini Mungu alinisikia kwenye lile vumbi kama anavyonisikia sasa jikoni.

Deni langu lilikuwa kwingine. Nyumba yetu iko upande wa Bungoma, karibu na Misikhu, na mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko. Mimi nilipanga chumba Moi's Bridge, nikirudi mwisho wa wiki: matatu moja hadi Kitale, nyingine kupitia Kiminini na Kamukuywa. Hapo ni nje ya msimu. Msimu ukiingia, Jumapili nayo ilikuwa siku ya mizani, na mwajiri wangu hakutaka kusikia habari za ibada. Krismasi nyingi zilinikuta ghalani. Watoto wetu watatu walilelewa na baba yao na kukhu wao, mama mkwe wangu. Pesa nilituma kila mwezi bila kukosa. Karo ililipwa, nyumba ikaezekwa mabati, nami nikajiona nimetimiza.

Sisi ni Marafiki, wale wanaoitwa Waquaker. Imani hiyo ilifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Hatubatizi kwa maji. Tunaimba na kuhubiri kama makanisa mengine, ila kwetu pale tumezihifadhi dakika za ukimya, na anayeguswa na Roho husimama akaomba. Jumapili moja ya Agosti 2017 alisimama kitinda mimba wetu, akiwa na miaka minane. Aliombea wagonjwa, kisha wasafiri, kisha akasema: "Na mama, Mungu, umlinde huko aliko."

Nilikuwa nimeketi benchi mbili nyuma yake.

Hakukusudia kunichoma. Ndivyo kukhu wake alivyomfundisha kuomba kila usiku, na maneno yalikuwa yameshamkaa mdomoni. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Ukimya uliendelea, nami nikabaki ndani yake.

Sikuacha kazi kesho yake. Ilinichukua misimu miwili. Kifungua mimba alikuwa chuoni, mkopo wa chama haujaisha. Mume wangu alikataa kuniamulia. "Mama watoto," alisema, "ukirudi kwa ajili ya neno langu, siku unga ukiisha utanilaumu mimi." Waumini wenzangu walinikumbusha yule tajiri katika mfano wa Yesu, aliyepanga kujenga maghala makubwa zaidi na roho yake ikatakwa usiku uleule. Mfano huo haukunigusa. Maghala niliyoyalinda hayakuwa yangu. Aliyenigusa ni Naomi, aliyerudi Bethlehemu mikono mitupu, na Biblia haikusahau kutaja kwamba mavuno ya shayiri ndiyo kwanza yanaanza. Nilisoma mstari huo mara nyingi kwenye kile chumba cha kupanga.

Februari 2019 nilirudisha bambo.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu kuliko foleni yoyote. Nyumba ilikuwa na mpango wake, na mimi sikuwamo. Kitinda mimba alimwomba kukhu wake ruhusa nami nimesimama hapohapo. Sikujua kwamba mwanangu wa pili hali mrenda. Tuliuza ng'ombe kwa ajili ya karo, na usiku ule nilimwomba Mungu kwa hasira, nikimuuliza kama hesabu zangu alikuwa ameziona.

Mwisho wa mwaka huo mvua ikakataa tena kupisha mavuno. Tulianika mahindi yetu machache kwenye turubai uani, tukiyafunika na kuyafunua mara tano kwa siku. Kipima unyevu sikuwa nacho. Nilimwita kitinda mimba, nikamfundisha njia ya wasio na mashine: chupa kavu ya kioo, punje, chumvi kavu kidogo, utikise, kisha utulie uangalie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

Alitikisa kwa mikono miwili, akaiinua chupa kwenye mwanga.

"Mama, imeshika."

Tukayaanika tena.