Pasta, Hapa Hakuna Pepo

Leo sina mahubiri marefu. Nina ungamo, na ndani yake kuna somo la gari litakalokufaa hata kama wewe hupanda matatu tu.

Wengi wenu mnaijua pikapu ya kanisa, ile ya dizeli. Jumamosi moja mwaka jana tulitoka Migori saa mbili asubuhi kwenda mazishi upande wa Homa Bay. Mama mmoja aliyetuombea kwa miaka mingi alikuwa amelala katika Bwana. Akiwa hai nilimwahidi kwamba ni mimi nitakayemzika.

Kule Awendo tulikuwa nyuma ya matrela ya miwa, nikadhani ndiyo sababu gari linatambaa. Tukapita Rongo, tukashika barabara ya Homa Bay. Matrela yakaisha lakini nguvu ya gari haikurudi. Kila kilima linakohoa. Kabla hatujafika Rodi Kopany likazima kabisa.

Unajua nilichofanya? Niliwashusha akina mama, tukalizunguka gari, tukaomba kwa sauti. Nilikemea roho ya kuchelewesha. Nilikemea kila kilichotumwa barabarani. Gari likabaki kimya.

Kijana wetu dereva alisimama kando, hakusema neno. Alikuwa na sababu. Wiki mbili kabla ya siku ile aliniambia, "Pasta, kuna taa imewaka kwenye dashibodi. Ni ya maji kwenye filta ya mafuta." Nilimjibu mbele ya wazee wa kanisa kwamba anatafuta pesa ya kula. Wazee wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akaenda zake.

Fundi alikuja kwa bodaboda. Alifungua boneti, akaweka chupa ya plastiki iliyokatwa chini ya kitu kama kopo dogo kilichosimama kando ya injini. Akalegeza kizibo cha chini, akabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu yake. Yakatoka maji, kisha uchafu mweusi, kisha maji tena. Akanitazama: "Pasta, hapa hakuna pepo. Hapa kuna maji."

Nisikilize hapa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hivyo hushuka na kutulia chini. Filta huyazuia yasifike kwenye injini, lakini nafasi yake ni ndogo. Isipomwagwa, inajaa. Karatasi iliyo ndani ikiziba kwa uchafu, mafuta hayapiti vizuri, na utaona hilo kwanza ukipanda kilima au ukibeba mzigo. Kwenye tambarare unaweza kudhani mambo ni shwari.

Fundi aliweka filta mpya. Alipaka dizeli kidogo kwenye mpira wake, akaikaza kwa mkono, akabonyeza pampu mpaka ikawa ngumu kuashiria hewa imeisha. Gari likawaka. Kama gari lako ni la petroli, usiitafute filta mahali pale pale. Magari mengi ya siku hizi huiweka ndani ya tangi pamoja na pampu, na fundi huinua kiti cha nyuma ili aifikie. Kitabu cha gari kitakuambia iko wapi na ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Na usiruhusu mtu avute sigara karibu.

Tulifika saa kumi. Udongo ulikuwa umesharudishwa kaburini. Binti yake alinishika mkono akasema tu, "Tulikungoja, Pasta." Maneno hayo bado ninayo.

Mpendwa, maji yale hayakutumwa na mchawi. Mimi niliyanunua. Nilikuwa nachukua dizeli ya mtungi kando ya barabara ili niokoe shilingi chache. Na kuna jambo zito zaidi. Filta huzuia maji na uchafu, lakini mtu akichanganya dizeli na mafuta ya taa, filta haiwezi kuyatenganisha. Yanapita yakifanana na dizeli, halafu yanakula pampu polepole. Ndiyo maana mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida. Mengine hayachujwi. Unayazuia pale unapojaza.

Sasa jiulize: unajaza wapi? Maneno unayosikiliza kila jioni, watu unaokaa nao, simu unayoshika usiku. Na je, taa gani imewaka kwako? Huenda ni mke wako amesema jambo mara tatu. Huenda ni mtoto. Huenda ni kijana unayemlipa mshahara, ukaona hana la kukufundisha. Sisi watu wa maombi tuna hatari hii moja: tunaweza kumkemea shetani kwa bidii ili tusimsikilize dereva.

Jumapili iliyofuata nilimwita kijana yule mbele, wazee wale wale wakiwa wameketi. Nilimwaibisha hadharani, nisingeweza kumwomba msamaha kwa siri. Akanipa mkono, akasema, "Nimekusamehe, Pasta. Lakini taa ikiwaka tena nitakuambia tena." Kanisa likacheka, na safari hii nikacheka nao.

Soma Zaburi 139 leo, uone jinsi inavyomalizika, mtu akimwomba Mungu amchunguze. Kisha usiandike Amina hapa chini kwanza. Mpigie simu yule aliyekuonya ukamnyamazisha. Ukimaliza, rudi uandike Amina.

Bwana atupe masikio. Tuonane Jumapili. Na dereva atakuwepo, mumsalimie.