Kwa Nini Wazee Wanarudilia Kutembea

Kwa desturi ya wazazi wetu huku Katanga, mzee hakuwa na kitu kinachoitwa spoti. Baba alikwenda shambani kwa miguu, mama alitwanga mihogo, na kwenye kilio ao ndoa kila mmoja alicheza ngoma kwa nguvu iliyombakilia. Katika mji, unga unatoka ku mashini na basi inakubeba karibu na mlango.

Lubumbashi tuliona jambo hilo kuanzia mwaka 2003, wakati watumishi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango ulioitwa « départs volontaires ». Watu waliozoea kuamka mbele ya jua, sasa walikaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Magoti yakaanza kuuma, tansio ikapanda. Munganga akasema: « Baba, utembee. » Wengi walitembea juma moja, kisha wakaacha.

Wale walioendelea, tuliwauliza. Mmoja wa jirani zetu alijibu: « Haiko munganga ananiamusha. Ni rafiki yangu. Nikilala, atakuja kugonga mlango, na bibi yangu atanicheka. » Wao ni wane; wanazunguka mtaa kila asubuhi, wakisemezana habari za mpira na za pensioni. Tunafikiri kwamba haya ya mbele ya marika inashinda woga wa ugonjwa.

Kwa wamama ni tofauti. Kukimbia barabarani hawataki hata kidogo: « Nikimbie, niliiba nini? » Na kweli, mama mzima akikimbia, watu wanauliza nani amekufa. Lakini upige ngoma ya kwao, watacheza saa nzima bila kuhesabu. Shirika la Afya Duniani, katika maongozi yake ya 2020, linaomba watu wa miaka 65 na zaidi wafanye angalau dakika 150 kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3, ili wasianguke ovyo. Mazoezi ya ngoma mara mbili kwa juma, na kwenda soko kwa miguu, yanakaribia hesabu hiyo.

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yetu, ni sisi watoto. « Papa, ukae, upumzike, tutakufanyia. » Ni heshima, lakini inamnyang'anya mzee ndoo na jembe, na pamoja nazo sababu ya kusimama. Nyumbani kwetu neno hili lilileta kelele. Mama yetu amepita miaka sabini na analima kibustani nyuma ya nyumba. Dada yetu alitaka kulipa kijana amlimie. Mama hakugombana na mtu. Alichukua tu jembe akalificha chini ya kitanda chake. Mpaka leo linalala pale, na lengalenga tunakula.